Kangaga Limekauka? Usilitupe, Bado Linaweza Kuchipua

Mara nyingi tunaongelea mahindi, nyanya na kuku, lakini siku hizi maswali ya mimea ya ndani yamekuwa mengi. Moja linajirudia sana: "Afisa, nilinunua lile kangaga lenye majani madogo madogo na vijiti vyeusi kama nywele. Wiki mbili tu limekauka lote. Ninunue lingine?"

Jibu langu ni hili: usinunue kwanza. Na kama la zamani bado liko jalalani, kaliokote.

MMEA HUU NI WA NAMNA GANI?

Kitaalamu mmea huu huitwa Adiantum, neno linalotokana na Kigiriki lenye maana ya "kisicholowa". Mwagia maji uone: yanateleza kama kwenye jani la gimbi. Hautoi maua wala mbegu. Huzaana kwa vumbi laini sana linaloitwa spora, linalokaa chini ya jani, pale ukingo unapojikunja.

Kwa asili unaota kwenye kivuli, juu ya miamba inayochuruzika maji, kando ya vijito na maporomoko. Pale hewa ina unyevu muda wote na mizizi haikauki, lakini pia haizami, maana maji yanapita. Ukielewa hapo, umeshaelewa kazi yote ya kuutunza.

KWA NINI UNAKAUKA HARAKA?

Majani yake ni membamba mno, hayana akiba ya maji. Nyanya ikikosa maji inanyauka, ukimwagilia jioni inasimama. Kangaga hili sivyo. Udongo ukikauka kabisa hata mara moja tu, majani yanajikunja, yanakuwa kama karatasi, na hayarudi tena.

Sasa hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaona majani yamekufa, wanadhani mmea umekufa. Kumbe uhai wake uko chini: kuna shina linalotambaa ndani ya udongo, mfano wa tangawizi ila jembamba sana. Hilo likiwa bado gumu, mmea uko hai.

JINSI YA KULIFUFUA

1. Fukua kidogo kwa kidole, gusa lile shina. Likiwa gumu, endelea. Likiwa laini, limeoza na linanuka, hapo kweli limekufa.
2. Kata majani yote makavu kwa mkasi, ubakize kama sentimita 2 juu ya udongo. Usiyang'oe kwa mkono, utavuta na shina.
3. Zamisha chungu kwenye beseni la maji kwa dakika 20 hadi 30, mpaka mapovu yaishe. Kisha kitoe, kiache kichuruzike.
4. Kiweke kivulini, ukifunike kwa chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako. Fungua kifuniko cha chupa kwa muda kila siku ili hewa ipite.
5. Hakikisha udongo una unyevu, usiwe tope. Subiri. Baada ya wiki kadhaa utaona vichipukizi vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Hayo ndiyo majani mapya.

Vikishatoka, ondoa ile chupa taratibu, saa chache kwa siku, ili mmea uzoee hewa ya kawaida.

MATUNZO YA KILA SIKU

Mwanga: uweke mahali ambapo mchana unaweza kusoma gazeti bila kuwasha taa, lakini jua la saa sita halifiki. Baraza lenye kivuli au bafu lenye dirisha panafaa. Usiuweke mbele ya feni wala kiyoyozi.

Udongo: changanya sehemu 2 za mboji iliyoiva vizuri, sehemu 1 ya makumbi ya nazi yaliyosagwa na sehemu 1 ya mchanga mkubwa. Chungu lazima kiwe na matundu chini.

Maji: usifuate kalenda, fuata kidole. Gusa udongo kila asubuhi. Juu pakianza kupoteza unyevu, mwagilia. Aliye Dodoma wakati wa kiangazi anaweza kumwagilia kila siku, wakati wa Lushoto kipindi cha baridi akaruka siku mbili au tatu. Maji ya kisima yenye chumvi yanaunguza ncha za majani, kwa hiyo kinga maji ya mvua. Kunyunyizia majani kunasaidia kwa muda mfupi tu. Afadhali sinia lenye kokoto na maji chini ya chungu, ila kitako kikae juu ya kokoto, siyo ndani ya maji.

Mbolea: ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi wakati unachipua. Samadi mbichi usitie kabisa.

Wadudu: mistari ya kahawia chini ya ukingo wa jani siyo ugonjwa, ni spora. Usipulize dawa! Makangaga yanaunguzwa na dawa nyingi za wadudu. Ukiona vidung'ata au vidugamba, vifute kwa pamba yenye maji, au kata jani lililoathirika.

KUTOKA CHUNGU KIMOJA HADI VITATU

Mizizi ikijaa, toa mmea na uugawe kwa kisu kikali. Kila kipande kiwe na shina, mizizi na majani machache. Panda kwa kina kilekile, mwagilia, weka kivulini.

Hili nalisisitiza kwa sababu si kila kangaga linalouzwa barabarani limekuzwa kitaluni. Mengine yanang'olewa kwenye vijito vya milimani. Yanakuja na mizizi iliyokatika, yanakufa, mteja anarudi kununua, na muuzaji anarudi kung'oa. Kingo za kijito zinabaki wazi, udongo unaingia majini, na anayeumia ni mwananchi anayechota bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito, dhidi ya shughuli zinazoweza kuyaharibu.

Kabla hujalipa, tikisa mmea kidogo. Uliokulia kwenye chungu umeshika udongo barabara. Uliochomekwa jana unacheza. Muulize muuzaji ameutoa wapi. Na kama jirani yako analo, muombe kipande. Hicho kinatosha kuanzia.

Kilimo chema.