Maji ya shu mbichi na vidonda vya tumbo

Katika vikundi vyetu vya akiba swali hili halikosi: je, maji ya kabichi mbichi, shu yetu ya sokoni, yanaponya vidonda vya tumbo?

Habari hii ina mwanzo wake. Mwaka 1949 daktari Garnett Cheney wa San Francisco, Marekani, aliandika kwamba aliwapa wagonjwa 13 maji ya shu mbichi, karibu lita moja kwa siku, na vidonda vyao vikapona haraka. Kitu kilichomo ndani alikiita vitamini U. Si vitamini kamili, maana mwili hauugui kwa kukikosa. Tena hakivumilii moto. Shu ikichemka kinavunjika, na ile harufu inayojaa jikoni inatokana na kuvunjika huko. Ndiyo sababu Cheney alitaka shu mbichi.

Hapo ndipo sisi wa Vitshumbi tuna shida. Shu ya Kibumba inatufikia imepita mikono mingi. Ukiisaga mbichi na maji ya Ziwa Edouard, unatafuta dawa ya tumbo unapata kipindupindu, na ugonjwa huo tunaujua. Anayetaka kujaribu aoshe kila jani kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa klori.

Hata hivyo, wagonjwa 13 ni wachache, na wakati ule chanzo kilikuwa hakijajulikana. Ni mwaka 1982 ndipo Barry Marshall na Robin Warren, huko Australia, walipomkuza kijidudu anayeishi tumboni. Mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Wengi humpata utotoni, nyumbani. Shu haimmalizi. Anatibiwa kwa antibiotiki za aina mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 10 hadi 14, bila kuacha katikati maumivu yakipungua.

Chanzo kingine tunakinunua wenyewe: ibuprofeni na diklofenaki, tunazomeza kwa sababu ya mgongo baada ya kubeba mabeseni ya samaki. Mwenye vidonda asizimeze bila kumuuliza muuguzi.

Mama akitapika damu, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, apelekwe kituo cha afya siku ileile, hata kama ni usiku. Shu ya kupikwa na samaki tuendelee kuila. Ni chakula kizuri.