Chaza wa Rangi ya Chanikiwiti

Ama chaza ni mnyama asiye na pa kukimbilia: akiisha kujigandisha mwambani hukaa papo hapo umri wake wote, akiyapitisha maji katika matamvua yake usiku na mchana ili apate riziki, na kila kilichomo majini, kiwe chakula au kiwe sumu, hana budi kukutana nacho.

Katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako watu walichimba bati na shaba kwa karne nyingi, maji ya migodini yaliteremka na vijito hadi kwenye hori la Restronguet, lililo katika mlango wa mto Fal, na nyama ya chaza wa huko ikageuka rangi ya chanikiwiti. Mwaka 1897 Rubert Boyce na William Herdman, wanazuoni wa Liverpool, walipochunguza chaza wa kijani kwa hadubini, waliikuta shaba imo ndani ya chembe nyeupe za damu. Na natija hiyo yafaa kutafakariwa sana, kwa kuwa chembe hizo ndizo askari wa chaza.

Chaza hana kingamwili kama zetu, ziyatambuazo maradhi yaliyokwisha kupita. Tegemeo lake ni chembe hizi, ambazo hukizingira kijidudu, hukimeza, kisha hukisaga kwa vimeng'enya vilivyohifadhiwa katika vifuko vidogo viitwavyo lisosomu. Basi askari huyo huyo ndiye hamali: shaba na zinki zikizidi mwilini, yeye huzifungia vifukoni mwake. Mzigo ukiwa mwepesi hustahimili, na pengine huchangamka zaidi; lakini ukimwelemea, au ikija kadimi au zebaki, utando wa vifuko hulegea, vimeng'enya huvuja na kuila chembe yenyewe, na vijidudu huachwa bila wa kuvimeza.

Januari 1992 maji yalipofurika kutoka mgodi wa Wheal Jane, wa huko huko Cornwall, uliokuwa umekwisha kufungwa, yakaingia mtoni yakiwa na rangi ya chungwa, kila mtu aliyaona. Mimi huhuzunishwa zaidi na madhara yasiyoonekana, ya chaza aliye hai, gamba zima, ilhali ulinzi wake umekwisha kuvunjika.

Hata hayo yaweza kushuhudiwa. Mtaalamu huchukua tone la damu ya kome, aliye wa jamii moja na chaza, akalitandaza juu ya kioo na kulitia rangi nyekundu. Katika chembe yenye afya rangi hukusanyika vifukoni, ikaonekana kama nukta ndogo zilizokolea, na hukaa humo kwa muda mrefu. Bali katika chembe iliyodhuriwa na madini nukta hizo hufifia mbele ya macho ya mtazamaji, moja baada ya moja, hata wekundu ukaenea chembe nzima.