Mbwa Kafaulu, Mwenzake Je?

Hebu nikuulize swali moja kabla hujaruka kwenda kurasa za mitindo. Unapomuuliza mwenzako, "Gauni hili limenikaa vizuri, siyo?", jibu unalopata ni lake au ni lako? Umeshasimama mbele ya kioo, umeshatabasamu, na lile "siyo?" umelitega mwishoni kama ndoana. Akisema limekaa, umepima nini hapo?

Nimeanza na gauni lakini leo nataka tuongee kuhusu mbwa. Usicheke, msomaji wangu. Wilayani Serengeti, mkoani Mara, kuna mbwa ambao kazi yao ni kujibu swali la ndiyo au hapana, na jibu lao linaweza kubadilisha maisha ya mtu. Kikosi hicho kilianzishwa mwaka 2018 na Grumeti Fund, taasisi inayofanya kazi ya uhifadhi upande wa magharibi wa Serengeti, ikishirikiana na shirika la Kimarekani liitwalo Working Dogs for Conservation. Hawa si mbwa wa kung'ata watu. Ni wa kunusa: pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, nyama pori, bunduki na risasi.

Pua ya mbwa tunaijua. Wataalamu wanakadiria kwamba binadamu ana vipokea harufu milioni 5 au 6 hivi, wakati mbwa anaweza kuwa navyo hadi milioni 300. Hapo hatubishani. Kasheshe inaanzia kwenye swali jingine: mbwa akisimama mbele ya kitanda chako akasema "hapa", nani amethibitisha kwamba anasema kweli?

Maana, tusidanganyane, mzigo wa hilo "hapa" ni mkubwa. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mtu akipatikana na hatia ya kukutwa na nyara za serikali anaweza kuhukumiwa kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Ni kweli, pua ya mbwa peke yake haimfungi mtu. Kinachompeleka gerezani ni kile kinachokutwa pale mbwa alipoonyesha. Lakini fikiria hawakukuta kitu. Wameshapindua godoro lako, wamemwaga unga, wamefukua nyuma ya jiko, na majirani wamesimama kwenye ua wanahesabu. Nyumba yako imekuwa "ile ya mbwa" mpaka watoto wakue. Na katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambako uhusiano wa wananchi na askari wa wanyamapori una historia yake ndefu ya kutoaminiana, ishara moja ya uongo inatosha kufuta kazi ya mwaka mzima ya mikutano ya kijiji.

Kwa hiyo mbwa huyu lazima apimwe, na akipimwa lazima apewe cheti. Utaratibu wa kumpima ndio ulionifanya niandike makala haya, kwa sababu kila nilipousoma nilijiona mimi na baba watoto mle ndani.

Anayebwekea kila kitu

Mwaka jana tulikwenda kumsalimia shangazi yake, kijijini, kwenye ile barabara ya kutoka Mugumu kwenda Tarime. Tukakuta ni siku ya chanjo. Watoto walikuwa wanakuja kutoka pande zote, kila mmoja anavuta mbwa kwa kamba ya katani, wengine wanavutwa wao. Kila mbwa aliyechomwa sindano mwenyewe alipewa kadi yake. Watu wa huko hawaichukulii kadi ile kama mchezo. Kichaa cha mbwa kinaua, na mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa unaobebwa pia na mbwa wa majumbani, viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, kama simba elfu moja hivi. Ndiyo maana kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji vya pembezoni mwa hifadhi zimeendelea kwa miaka mingi.

Kadi ya chanjo inasema mbwa ni mzima. Haisemi kama anafaa kazi. Nikamuuliza shangazi, wewe wa kwako unawapimaje? Kule mbwa ana kazi: kulinda ng'ombe usiku, na wizi wa mifugo upande wa Tarime si hadithi ya kutishia watoto.

"Mkwe wangu," akaniambia, "mbwa anayebwekea kila kitu, hata jani likianguka, ni sawa na kutokuwa na mbwa. Tutaamka mara ngapi?"

Na yule asiyebweka kabisa je?

"Huyo tulishamgawa."

Sikuhitaji profesa baada ya hapo. Kuna makosa mawili, si moja. Kuna kunyamaza wakati mwizi yupo, na kuna kupiga kelele wakati hayupo. Watu wengi tukisikia mbwa amekamata pembe tunapiga makofi, hatuulizi ni mara ngapi alionyesha mahali pasipo na kitu. Wapimaji wazuri wanauliza yote mawili.

Mtihani wenyewe

Mafunzo hayana uchawi. Anatafutwa mbwa anayependa mpira kupita kiasi, yule ambaye kwa mtu wa kawaida ni kero tupu: haachi kuruka, haachi kuchimba, mpira ukiingia chini ya kabati analia usiku kucha. Mbwa wa tabia hiyo Marekani mara nyingi huishia kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa, na ni katika makazi ya namna hiyo mbwa wa kwanza wa kikosi cha Serengeti walikopatikana. Anafundishwa kwamba harufu ya pembe ndiyo inayoleta mpira. Akiikuta anakaa chini, au anaganda akiitazama. Anapewa mpira wake, wanacheza, basi. Hana habari na utalii wala uhifadhi. Anataka mpira.

Siku ya mtihani, mpimaji anafika mapema na kuficha vitu: kipande cha pembe ndani ya gunia la mahindi, risasi chini ya kiti cha gari, nyama iliyokaushwa juu ya dari. Kisha anaweka vya kupotosha. Nyama ya ng'ombe, mfupa wa mbuzi, mpira wenyewe, hata glavu mpya. Glavu za nini? Hapa nilikaa nikatafakari. Aliyeficha pembe alivaa glavu. Mbwa mjanja anaweza kujifunza kutafuta harufu ya glavu, au ya mkono wa yule yule mpimaji wa kila wiki, akafaulu kila zoezi bila kujua pembe inanukaje. Kwa hiyo glavu tupu inawekwa mahali pake, kuona kama ataiuzia sura. Akikaa mbele ya glavu, ni usanii, kafeli.

Halafu kuna chumba kisicho na kitu. Hakuna pembe, hakuna glavu. Mbwa anapaswa kukizunguka chote, kukinusa chote, na kutoka bila kukaa popote. Hiki ndicho chumba kigumu, na ugumu wake si kwa mbwa. Ni kwa yule aliyeshika kamba, ambaye anatokwa jasho, anaona dakika zinakwenda, anajiambia haiwezekani pasiwe na kitu. Anaanza kusita karibu na kabati. Anamrudisha mbwa palepale mara ya pili, ya tatu. Anamtazama mbwa, mbwa anamtazama yeye. Mbwa si mjinga. Anaona bosi anataka nikae hapa. Anakaa.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mtihani wa maana ni kwamba mwongozaji haambiwi vimefichwa vingapi wala wapi, wala kama vipo. Na ule mkali zaidi, hata anayesimama pale na karatasi ya alama hajui. Aliyeficha yuko mbali, hawaoni na hawamwoni. Miongozo iliyoandaliwa na kamati ya wataalamu wa Marekani iliyoundwa mwaka 2004 iliweka kipimo hiki: jozi ipate angalau asilimia 90 ya vilivyofichwa, na ishara za uongo zisizidi asilimia 10. Cheti kinadumu mwaka mmoja, kisha mnarudi mtihanini.

Umeona nimesema jozi? Cheti hapewi mbwa. Wanapewa wawili, mbwa na mtu wake. Ukimtoa mmoja, cheti hakipo.

Farasi aliyejua hesabu

Huenda unasema haya ni mambo ya kupindukia, mbwa ananusa au hanusi. Basi sikiliza ya Berlin. Mwaka 1904 mji ule ulikuwa umechanganyikiwa kwa farasi mmoja aitwaye Hans. Unamuuliza tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato mara saba. Mwenye naye, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, hakuwa tapeli, aliamini kabisa. Mwanasaikolojia kijana, Oskar Pfungst, akafanya jambo dogo tu. Akamweka muulizaji ambaye mwenyewe hajui jibu. Hans akapotea. Kumbe alikuwa anasoma miili ya watu: kwato ikikaribia idadi sahihi, muulizaji anainua kichwa kidogo sana, hata mwenyewe hajui, na farasi anaacha.

Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis waliwachukua waongozaji 18 na mbwa wao wenye vyeti, wakawaingiza katika vyumba vya kanisa moja. Waliwaambia kuna harufu imefichwa, na kwamba sehemu nyingine zimewekewa alama ya karatasi nyekundu. Hapakuwa na harufu yoyote. Katika misako 144, iliyotoka safi ilikuwa 21 tu. Kwingine kote waongozaji waliripoti kwamba mbwa wameonyesha, na sana pale penye karatasi nyekundu. Mbwa hawasomi karatasi, jamani. Waliosoma ni watu.

Mimi hilo la karatasi nyekundu limenikaa kichwani. Ni mara ngapi unaingia nyumbani tayari umeshaiona karatasi yako nyekundu, simu iliyogeuzwa kifudifudi, au "nilikuwa na washikaji" iliyosemwa harakaharaka, halafu unauliza maswali mpaka mwenzako anakaa pale unapotaka akae? Anakiri hata lisilokuwepo, ilimradi amani irudi na mpira wake apewe. Unaondoka unajiita mpelelezi.

Wafugaji wa njiwa nao wana kitu cha kutufundisha hapa. Kuna njiwa wa asili ya Birmingham, Uingereza, ambao wakiwa angani hupinduka kinyumenyume mfululizo, kasi mpaka unaona kama mpira unaoanguka, kisha wananyooka na kurudi kundini. Katika mashindano yao ya dunia kundi linaruka kwa dakika 20, na alama zinaanza pale angalau watano wanapopinduka kwa pamoja. Jumla inazidishwa kwa ubora wa mpinduko na urefu wake, kwa hiyo wingi bila ubora haukufikishi mbali. Na njiwa hawa huwezi kuwabeba ukawarushia uwanja wa ugenini. Wanarukia nyumbani kwao tu. Basi mwamuzi wa fainali ndiye anayesafiri, nchi kwa nchi, banda kwa banda, anasimama uani kwa mtu akitazama juu. Mwenye njiwa hajipi alama hata siku moja. Kila mfugaji wake ndio bora duniani, sivyo?

Nyumbani kwetu Tanzania nidhamu hii hii iko Morogoro, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya haendi uwanjani kwa sifa za mwalimu wake. Anapimwa kwanza kwa mtihani ambao majibu yake hayako mikononi mwa aliyemfundisha. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, aligundua zaidi ya mabomu 100 na akatunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Ukijua kwamba nyuma ya panya yule kuna mtu anayetembea juu ya ardhi aliyoisema ni salama, unaelewa kwa nini mtihani haukuwa na huruma.

Nani anashika kamba

Turudi Mara. Kitu kimoja kinachowashangaza wageni katika vikosi vya namna hii ni jinsi mwongozaji mzuri asivyoongea. Haimbi "tafuta, tafuta, tafuta". Anampa mbwa neno moja la kuanzia, analegeza kamba, anatembea kwa mwendo ule ule anapopita penye kitu na pasipo na kitu. Mbwa akikaa, haonyeshi furaha mpaka amehakikisha. Akitoka chumba kitupu bila ishara, hanuni. Kuna wanaume na wanawake waliokuja na nguvu zote na mapenzi yote kwa mbwa, wakashindwa hapo tu, kwenye kutonuna.

Na kwa ninyi wapenzi wa mbali, mnaoishi kwa vocha na basi la usiku, kuna hili la mwisho. Mwongozaji ana familia, na zamu za porini ni ndefu. Anapokwenda likizo mbwa habaki yatima. Mwenzake wa kikosi atamlisha, atamwogesha, atamrushia mpira jioni. Lakini kwenda naye msakoni ni habari nyingine, kwa kuwa cheti ni cha wale wawili, na huyu wa pili hajapimwa naye. Kwa hiyo shemeji akisogeza harusi mbele kwa wiki mbili na likizo ikaongezwa, mbwa naye anakaa bandani akisubiri.