Ritifaa katika Maandishi ya Kompyuta: Mfano wa Lugha za Bura

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja dogo linalowakabili watu waandikao kwa kompyuta na simu, nalo ni tatizo la ritifaa, yaani alama ile iandikwayo baada ya ng katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Mfano uliochaguliwa ni wa Bura. Jina hili ni la miji miwili iliyotengwa na Mto Tana: mmoja uko mashariki ya mto, katika Kaunti ya Garissa, na wa pili uko magharibi, katika Kaunti ya Tana River. Upande wa Garissa lugha ya wenyeji walio wengi ni Kisomali. Upande wa pili husikika Kiorma na Kipokomo, pamoja na lugha za wakulima waliohamia katika mradi wa umwagiliaji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka sehemu mbalimbali za Kenya. Kiswahili ndicho kiwaunganishacho wote hao.

Hoja ya msingi ni kwamba katika lugha hizi ritifaa ni herufi au ni sehemu ya herufi, ilhali kompyuta huihesabu kuwa alama ya uakifishaji tu. Kutokana na tofauti hiyo ya mtazamo huzuka hasara ambazo mtumiaji huziona bila ya kujua chanzo chake.

2. Kazi ya ritifaa

Katika Kiswahili, ritifaa hutenga sauti mbili. Ng bila ya ritifaa ni king'ong'o kifuatwacho na g, kama katika ngoma; ng' ni king'ong'o peke yake. Tofauti hii hubadili maana: ng'oa ni kutoa kitu kilichoshika mizizi ardhini, na ngoa ni wivu au matamanio. Alfabeti ya Afrika iliyopendekezwa London mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa na herufi maalumu, ŋ, kwa sauti hiyo, lakini mashine za kawaida za taipu hazikuwa nayo, na Kiswahili sanifu kikabaki na ng'.

Katika Kisomali kazi ni nyingine. Hati ya Kilatini iliyofanywa rasmi nchini Somalia mwaka 1972 hutumia ritifaa kuandika kipasuo cha koromeo, yaani sauti ambayo Waarabu huiita hamza. Ng'ombe kwa Kisomali ni lo', na ritifaa hapo ndiyo konsonanti ya mwisho ya neno. Kioromo, ambacho Kiorma ni tawi lake, kiandikwapo kwa hati ya Kilatini iitwayo Qubee hutumia alama hiyo hiyo kwa sauti hiyo hiyo, kama katika re'ee, yaani mbuzi.

Basi katika nchi ya wafugaji, jina la mnyama aliye tegemeo la uchumi haliandikiki sawasawa pasipo ritifaa, liwe la Kiswahili au la Kisomali. Hali kadhalika majina ya watu: Ng'ang'a, Nyong'o na Mong'are yote huibeba.

3. Jinsi kompyuta inavyoiona alama hii

Kompyuta haihifadhi maumbo ya herufi, huhifadhi namba. Katika orodha ya ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ritifaa ilipewa namba 39. Kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, namba hiyo moja ilibebeshwa kazi za ritifaa na za alama ya kufunga nukuu, kama ilivyokuwa desturi ya mashine za taipu. Orodha pana ya Unicode, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1991, ilizitenga alama hizo. Tatu ndizo zinazohusika hapa. Ya kwanza ni alama iliyonyooka, ', yenye namba U+0027. Ya pili ni iliyopinda, ’, yenye namba U+2019, ambayo pia hufunga nukuu. Ya tatu ni ʼ, yenye namba U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi kamili.

Kwa jicho la msomaji alama hizi hufanana mno. Kwa mashine ni vitu vitatu. Aidha, programu nyingi za kuandika, mathalan Microsoft Word, huibadili alama iliyonyooka kuwa iliyopinda pasipo kuulizwa, kwa kudhani kwamba mwandishi anaandika nukuu. Simu za iPhone nazo zilianza kufanya hivyo mwaka 2017. Kwa hiyo karani aandikaye ng'ombe katika Word na mwenziwe aandikaye neno hilo katika programu isiyobadili alama huwa wameandika maneno mawili mbalimbali, kwa hesabu ya mashine.

4. Madhara yake

Dhara la kwanza ni la utafutaji. Jina lililoingizwa katika orodha kwa alama iliyopinda laweza kukosekana likitafutwa kwa alama iliyonyooka. Mwenye jina huambiwa kwamba hayumo katika orodha, hali yumo. Katika orodha ya mgao wa chakula, ya karo au ya wapiga kura, kosa hilo si dogo.

La pili ni la fomu za mtandao. Katika lugha ya SQL, itumiwayo kuendesha hifadhi za data, alama iliyonyooka ndiyo ifungayo maneno. Fomu iliyotengenezwa kwa uzembe ikipokea jina Nyong'o hudhani kwamba jina limekwisha penye ritifaa, ikashindwa kuendelea. Baadhi ya watengenezaji huepuka jambo hili kwa kuikataza alama yenyewe, na mwenye jina hulazimika kuandika Nyongo.

La tatu huingia mfukoni. Ujumbe mfupi wa simu wa mfumo wa GSM hubeba herufi 160, ikiwa herufi zote zimo katika alfabeti ya mfumo huo. Alama iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe wote huhamishiwa katika namna nyingine ya uandishi, na kikomo hushuka hadi 70. Tangazo la chanjo ya ng'ombe lenye herufi 150, ambalo lingekwenda kwa ujumbe mmoja, hugawanywa mara tatu, maana katika ujumbe uliounganishwa kila sehemu hubeba 67 tu. Anayelituma kwa wafugaji elfu moja hulipia ujumbe elfu tatu.

La nne ni la mipaka ya maneno. Kompyuta hutambua kwamba ritifaa iliyo katikati ya herufi, kama katika ng'ombe, ni sehemu ya neno. Lakini ikiwa mwishoni, kama katika lo', huikata. Hapo Kisomali huumia kuliko Kiswahili.

5. Njia za kurekebisha

Mwandishi wa kawaida aweza kufanya mambo matatu. Programu inapobadili alama, abonyeze mara moja Ctrl na Z. Badiliko hurudi nyuma na neno hubaki. Akitaka kuliondoa tatizo moja kwa moja, aingie katika mipangilio ya masahihisho ya papo hapo na kuzima sehemu ya kupinda alama za nukuu. Maandishi ya zamani katika Word husafishwa kwa kutafuta ' na kuibadili kwa ' hiyo hiyo, baada ya sehemu hiyo kuzimwa: alama zote hunyooka.

Kwa mtengenezaji wa programu, wajibu ni mkubwa zaidi. Hana budi kuichagua alama moja ya kuhifadhia, na kuzigeuza nyingine zote kuwa hiyo wakati wa kuingiza na wakati wa kutafuta. Data aipeleke SQL ikiwa imetengwa na amri, wala asilikate jina la mtu. Na kabla ya kutuma ujumbe mfupi, azinyooshe alama zilizopinda.

6. Hitimisho

Alama U+02BC ingezifaa lugha hizi kuliko nyingine, kwa kuwa ni herufi. Lakini haimo katika kibodi za kawaida wala katika alfabeti ya GSM. Kwa sasa, basi, ritifaa iliyonyooka ndiyo ifaayo kwa majina, orodha na ujumbe wa simu, na iliyopinda iachiwe vitabu vilivyochapwa. Tahajia huwekwa na wenye lugha. Mashine haina budi kuifuata, wala mwenye jina asilazimishwe kulipunguza ili liingie katika fomu.