Fahamu: ADHD ni nini, na kwa nini ushuhuda wa Simone Biles una uzito?
ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza mawazo, atende kabla ya kufikiri au asitulie mahali pamoja, na dalili zake huanza utotoni, zikijitokeza nyumbani na shuleni pia. Mwaka 2016, baada ya wadukuzi kuvujisha taarifa zake za matibabu, mchezaji wa jimnastiki wa Marekani, Simone Biles, alitangaza kuwa anaishi na hali hiyo na ametumia dawa tangu utotoni, akisisitiza kuwa si jambo la kuonea aibu. Kauli hiyo ya bingwa wa Olimpiki ina uzito mkubwa, kwa kuwa mtoto anayesahau daftari kila siku au kuinukainuka darasani huitwa mtukutu na kuchapwa, ilhali anachohitaji ni uchunguzi wa daktari, maelekezo mafupi yanayotolewa moja baada ya jingine na, inapobidi, dawa.