Ukiugua mjini, nani atabisha mlango wako?

TUSEME wewe ni karani, au mwalimu, au fundi wa pikipiki. Umehamia Embu kutoka Kitui, au Meru kutoka Marsabit. Umekodi chumba kimoja mtaani Dallas au kule Makutano, na jirani unayetenganishwa naye na ukuta humjui hata kwa jina. Jumapili unavaa nguo zako nzuri, unaenda kanisani, unaimba, unatoa sadaka na kurudi nyumbani kupika chapati. Mwaka unakwisha hivyo.

Sasa tuseme, msomaji mpendwa, kwamba Jumanne usiku unashikwa na homa kali hata kusimama huwezi. Je, ni nani atakayegundua kwamba hujaonekana?

Swali hilo ndilo kipimo halisi cha kanisa la mjini. Wengi wetu hulipima kanisa kwa ukubwa wa jengo, kwa vipaza sauti na kwa idadi ya magari yaliyoegeshwa nje siku ya Jumapili. Lakini ukifuatana na makanisa ya Meru na Embu mwaka mzima, kuanzia mkesha wa mwaka mpya hadi Krismasi, utaona kwamba kazi kubwa haifanyiki mimbarini. Hufanyika katikati ya wiki, sebuleni mwa watu, katika vikundi vya watu wachache wanaojuana kwa majina.

Lilitoka mashambani

Makanisa makubwa ya eneo hili hayakuzaliwa mjini. Waanglikana walianza kazi yao Kigari, huko Embu, mwaka 1910. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata waliingia Meru mwaka 1911. Wamethodisti walifungua misheni ya Kaaga mwaka 1912, nao Wapresbiteri wakaanza Chogoria mwaka 1915. Vituo hivyo vilijengwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katikati ya mashamba.

Mkristo wa wakati huo aliishi karibu na ukoo wake, ambao Wameru huuita mwiriga. Akiugua, ndugu zake walimbeba. Mwanawe akifika umri wa kutahiriwa, wajomba na wazee walijua la kufanya. Hata wale wachache waliofukuzwa na jamaa zao kwa sababu ya dini mpya, walipata makao pamoja na wenzao pale misheni.

Mji ulileta mambo mengine. Embu ulianzishwa na Waingereza mwaka 1906 kama kituo cha utawala, na baadaye ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Makarani, polisi na walimu walihamishiwa huko kutoka Machakos hadi Moyale. Siku hizi wanaongezeka maelfu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, na kwa upande wa Meru, wale wa chuo cha Wamethodisti cha KeMU na cha Sayansi na Teknolojia. Ndiyo sababu kanisa la mjini huwa na ibada ya Kiswahili kando ya ile ya Kimeru au Kiembu. Wanaoketi kwenye viti hivyo wengi wao wako mbali na kwao, na kwa watu kama hao kanisa halina budi kuwa ukoo.

Januari ya agano na karo

Mwaka huanza usiku wa manane, kwa nyimbo za mkesha. Wamethodisti huwa pia na Ibada ya Agano, ambapo muumini hujitoa upya kwa Mungu na kazi yake. Desturi hiyo ilianzishwa na John Wesley mwaka 1755 na ingali hai hadi leo.

Lakini agano lenyewe hujaribiwa kabla wiki mbili hazijaisha. Shule zimefunguliwa, karo inadaiwa, na pesa zote ziliishia Krismasi. Hapa ndipo unapotambua kama kanisa lako lina mfumo. Wamethodisti hugawa waumini katika madarasa, kila darasa na kiongozi wake. Wapresbiteri huwagawa katika wilaya, na kila wilaya ina mzee wa kanisa wa kuiangalia. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mikutano yao ya miaka ya 1973 na 1976. Waanglikana wana vikundi vya nyumbani, pamoja na vyama vya akina mama, akina baba na vijana.

Majina ni tofauti lakini kazi ni moja. Kiongozi wa kikundi ndiye anayejua ni mtoto wa nani aliyefukuzwa shule kwa sababu ya karo. Kasisi mwenye waumini 1,000 hawezi kujua hayo, hata akiwa mtakatifu namna gani.

Kwaresima, na funzo la 2020

Wakati wa Kwaresima kikundi hufanya kazi zaidi. Kila mwaka maaskofu Wakatoliki wa Kenya hutoa kijitabu cha kampeni ya Kwaresima chenye mada ya kila wiki. Haki, rushwa, mazingira, vijana na familia ni baadhi ya mambo yanayojadiliwa. Kijitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya mimbari pekee. Husomwa katika jumuiya, jioni, mama muuza mboga wa sokoni Gakoromone akiketi karibu na meneja wa benki, na wote wawili wakiulizwa swali moja.

Wale waliodhani vikundi ni mchezo wa akina mama walipata funzo mwaka 2020. Mnamo Machi, serikali ilifunga makanisa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Pasaka ikapita milango ikiwa imefungwa. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja na watu wasiozidi 100. Watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani.

Hebu fikiria kanisa ambalo lilitegemea Jumapili pekee. Lilinyamaza kabisa. Lakini pale ambapo kiongozi wa kikundi alikuwa na daftari lenye majina na nambari za simu, kazi iliendelea. Mzee alipigiwa simu, na aliyepoteza kazi akaachiwa unga mlangoni. Jengo lilifungwa lakini kanisa halikufungwa.

Pesa na mimbari

Kuanzia Mei hadi Agosti ni msimu wa arusi, kambi za vijana na, zaidi ya yote, harambee. Kanisa la mjini huwa halikosi kitu cha kujenga. Kwa miaka mingi njia rahisi ilikuwa kumwalika mwanasiasa, akaleta bahasha na kupewa kipaza sauti.

Eneo hili halikukosa sauti ya kukemea mambo kama hayo. David Gitari, aliyekuwa askofu wa Waanglikana wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki tangu mwaka 1975, alijulikana nchini kote kwa kupinga upigaji kura wa mlolongo katika uchaguzi wa 1988. Mnamo Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubu katika makanisa ya Kianglikana. Na Novemba 2024, baada ya vijana kuyalaumu makanisa kwa kupokea pesa za wanasiasa, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa mamilioni ya shilingi uliotolewa na Rais.

Ni hatua ya kupongezwa. Lakini bahasha ikiondoka, mzigo unabaki kwa nani? Unabaki kwako na kwangu. Katika miji hii sadaka hupanda na kushuka pamoja na shamba. Bonasi ya majani chai ikilipwa Oktoba, kapu hujaa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipoifungia mwaka 2020 hadi 2022, nyumba nyingi za Meru zilitikisika, na kapu likatikisika nazo.

Siku ya matanga

Hakuna wakati ambapo mkaaji wa mjini huhitaji watu kama siku ya kifo. Mwili uko mochari, bili ya hospitali haijalipwa, na nyumbani ni umbali wa kilomita 300. Jioni hiyo hiyo kamati hukaa. Mmoja anashika kalamu, mwingine anatafuta basi, wa tatu anazungumza na hospitali. Akina mama huingia jikoni bila kuitwa. Ni kweli wahenga walisema, heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Hata hivyo, hapa ndipo penye kidonda ambacho makanisa mengi hayapendi kukigusa. Kikundi hicho hicho kina daftari la michango. Kuna mchango wa matanga, wa arusi, wa kumzawadi kasisi, wa ujenzi, na wa chai ya mkutano. Kijana wa mjengo anayelipwa kwa siku akikosa mara mbili, jina lake husomwa. Akikosa mara ya tatu, haji tena. Hakuacha imani. Aliona haya tu.

La kusikitisha ni kwamba yeye ndiye aliyehitaji kikundi kuliko wote. Meneja wa benki akiugua, ana bima na gari. Yule wa chumba kimoja hana mwingine.

Wavulana wa Desemba

Mwaka huishia na jambo linaloonyesha wazi jinsi kanisa lilivyochukua nafasi ya ukoo. Katika Meru na Embu, Novemba na Desemba ni wakati wa kutahiri wavulana. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wazee. Mjini, baba anafanya kazi hadi usiku na mjomba yuko mbali, kwa hiyo mvulana angeachiwa vijana wa mtaani, ambao baadhi yao humpiga, humtoza pesa na kumfunza pombe.

Makanisa mengi yakaingilia kati. Wavulana hutahiriwa na madaktari, kisha hukaa pamoja kwa siku kadhaa chini ya wazee wa kanisa waliochaguliwa, wakifunzwa heshima, kazi, usafi na hatari za dawa za kulevya. Kwa miaka mingi wakati wake ulikuwa baada ya mtihani wa KCPE. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na wazazi sasa wanajadiliana kama mtoto aingie baada ya gredi ya sita au ya tisa. Ni mjadala wa maana, kwani mtoto wa miaka 12 si sawa na wa miaka 15.

Wasichana nao wana historia yao. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji Meru, lakini amri peke yake haikutosha. Wasichana wengi walikataa kutii na wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1996, huko Gatunga, Tharaka, familia zipatazo 30 zilijaribu njia nyingine iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani kutahiri kwa maneno. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilishiriki katika mpango huo. Msichana hukaa ndani, hufunzwa, hupewa zawadi na kusherehekewa, bila kisu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji kote nchini ilikuja mwaka 2011, miaka 15 baadaye. Funzo ni kwamba ukimwondolea mtu desturi bila kumpa watu wa kusimama naye, hujamwondolea kitu.

Kisha Krismasi ikifika, mji huhama. Matatu hujaa, watu hurudi kijijini, na kanisa la mjini hubaki nusu tupu. Tazama wanaobaki siku hiyo. Ni mlinzi aliye zamu, muuguzi, mjane, na yule asiye na nauli. Kama kanisa lako ni ukoo, siku hiyo ndiyo ya kumwalika mmoja wao mezani.

Ufanye nini?

Ikiwa umehamia mjini hivi karibuni, usingoje kuugua. Jumapili ijayo, ibada ikiisha, usikimbilie matatu. Uliza kikundi cha mtaa wako hukutana siku gani na nyumba ya nani. Nenda hata kama huna shilingi mkononi. Sema jina lako, unakokaa na nambari ya jamaa wa kupigiwa simu.

Ikiwa wewe ndiwe kiongozi wa kikundi, fanya mambo mawili. Kwanza, acha kusoma majina ya wasiochanga mbele ya watu. Daftari la michango likae mfukoni mwa mweka hazina. Pili, fungua daftari lingine, la wale wasioonekana. Aliyekosa wiki mbili atembelewe, na aendaye asitaje pesa.

Na ikiwa wewe ni muumini wa siku nyingi mwenye kiti chako kile kile kila Jumapili, geuka umtazame aliyeketi nyuma yako. Je, unajua anakoishi? Siku moja huenda akawa ndiye atakayebisha mlango wako.