Samaki wa Dimbwi Linalokauka

Soko la Darajani asubuhi limejaa changu, tasi na jodari, samaki wa bahari watupu. Ndiyo maana wakaazi wengi wa Mji Mkongwe hawajui kwamba Unguja ina samaki wake wa maji baridi asiyepatikana kisiwa kingine chochote. Kwa jina la kitaalamu anaitwa Nothobranchius guentheri. Mjerumani Georg Pfeffer ndiye aliyemtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1893, kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann.

Anayemtaka asimtafute mtoni. Mito yetu ni mifupi, na mingine huzama kwenye mawe ya matumbawe kabla ya kuiona bahari. Panapobaki maji mwaka mzima ni makao ya kambale, na ya mikunga wa maji baridi ambao huzaliwa baharini kisha wakapanda juu. Kijisamaki cha sentimita tano hakina maisha marefu mbele ya kambale.

Makao yake ni madimbwi ya mvua: mabondeni, kando ya vijito vya msimu, pembezoni mwa mashamba ya mpunga. Lakini si kila dimbwi. Kwenye maweni maji hupenya chini mara moja. Yeye anahitaji udongo wa kinamo, unaoshika maji wakati wa mvua na kubakiza unyevu wakati wa jua, kwa sababu kizazi chake kizima kimo ndani ya udongo huo.

Dume, mwenye mkia mwekundu na magamba ya kijani-buluu yaliyozungushiwa wekundu, hulibana jike kwenye tope. Yai moja hutoka, wakasogea kidogo, wakarudia tena. Dimbwi likikauka wazazi hufa wote, na mayai hukaa ardhini yakiwa yamesimamisha ukuaji. Mvua ikinyesha huanguliwa, na baada ya wiki chache tu watoto nao wanataga.

Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba mayai hayaanguliwi yote kwa pamoja. Vuli ikinyesha siku chache ikakatika, walioanguliwa huangamia, lakini mengine bado yamelala yakingoja masika. Uhai mfupi wa samaki huyu ndio uliowafanya watafiti wa uzee kumfuga maabara tangu miaka ya 1970, kwanza Marekani na baadaye Uchina.

Jamii yake hula pia viluwiluwi vya mbu. Mtafiti F. L. Vanderplank aliliandika hilo mwaka 1941, alipoeleza samaki wa Afrika Mashariki wanaosaidia kupambana na malaria.

Kwa hiyo nawaomba wakulima na wafugaji wa samaki: msimwage perege wala kambale wa kufugwa kwenye madimbwi ya mabondeni, wala msioshee humo mabomba ya dawa za kuulia wadudu. Na wewe unayetaka kufukia bonde ili ujenge, usilipime wakati wa kiangazi, maana utaona tope kavu tu. Nenda ukalitazame masika.